Polio Itokanayo na Chanjo: Mwongozo wa Mzazi wa Eldoret

Asubuhi moja kwenye kliniki ya watoto hapa Eldoret, mama aliyeketi mbele yangu kwenye benchi alimfungua mtoto wake leso, akauliza kwa sauti ya chini: "Sista, nimesikia matone yenyewe huleta polio. Ni kweli?" Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Sista alijibu bila kuinua kichwa: "Hizo ni porojo, mama. Mshike kichwa." Mama akamshika mtoto kichwa, matone mawili yakaingia, wakaondoka. Lakini uso wake ulisema wazi kwamba jibu halikumtosha.

Nami halikunitosha. Swali lile si porojo. Jibu la kweli ni kwamba ndiyo, hutokea, kwa nadra sana, na kwa njia mbili ambazo mzazi yeyote anaweza kuzielewa. Kumficha mzazi jambo hili ndiko kunakompeleka kulitafuta kwenye simu, ambako atalipata limetiwa chumvi na pilipili. Soma kwanza kwa nini hutokea. Kisha tutaingia kwenye ya kufanya: namna ya kukagua kijitabu cha kliniki, ya kutazama wachanjaji wanapobisha hodi, na hatua za kuchukua mguu wa mtoto ukilegea ghafla.

Mambo mawili yanayochanganywa kila siku

Chanjo ya polio iko ya namna mbili. Ya sindano ina virusi vilivyouawa, na haiwezi kumpa mtu polio. Ya matone, iliyobuniwa na Albert Sabin, ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Huingia kwa mdomo, huzaana matumboni kwa wiki kadhaa, huufunza mwili kujikinga, kisha hutoka kwa choo. Uhai huo ndio unaoyapa matone nguvu ya kuzuia virusi visienee mtaani, kazi ambayo sindano haiifanyi vizuri. Uhai huohuo ndio chanzo cha tatizo.

Njia ya kwanza ni ajali ya mtu mmoja. Mara chache sana, virusi vya matone hubadilika ndani ya mwili wa mtoto aliyechanjwa, au wa mtu wa karibu naye asiye na kinga, vikafika kwenye mishipa ya fahamu na kupoozesha kiungo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kisa 1 katika takriban dozi za kwanza milioni 2.7. Kisa cha namna hii hakiwi mlipuko. Huishia kwa aliyepatwa. Kwake yeye na wazazi wake, hata hivyo, si nadra hata kidogo, na ndiyo sababu sipendi kusikia kikiitwa porojo.

Njia ya pili ndiyo inayotangazwa redioni kama mlipuko, na kuieleza kwa watu wa Uasin Gishu ni rahisi kwa sababu tunalima mahindi. Mwaka wa kwanza unanunua mbegu bora dukani, shamba linastawi. Ukitoa punje za mavuno na kuzipanda tena, halafu tena, kila msimu mahindi yanazidi kuiacha tabia ya mbegu uliyonunua. Virusi vya matone navyo ni hivyo. Mtoto mmoja akivitoa kwa choo na jirani aliyechanjwa akavimeza, vinakwama hapo; havipati shamba. Lakini katika mtaa au kambi yenye watoto wengi wasio na kinga, vinapita kutoka tumbo hadi tumbo, msimu baada ya msimu. Kwa kawaida huchukua mwaka hivi au zaidi wa kuzunguka namna hiyo kabla havijairudia tabia ya zamani ya kupoozesha. Hapo tena havina tofauti kubwa na polio yenyewe.

Kwa hiyo mbegu ya mlipuko ni chanjo, ila shamba lake ni watoto ambao hawakuchanjwa.

Kwa nini jambo hili lituhusu Eldoret

Virusi vya polio ni vya aina tatu: ya 1, ya 2 na ya 3. Polio ya asili ya aina ya 2 ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2015. Kwa kuwa milipuko mingi itokanayo na chanjo ilitoka kwenye aina hiyo ya 2, iliamuliwa kwamba Aprili 2016 nchi zote ziiondoe kwenye matone ya kawaida. Ulikuwa uamuzi wenye mantiki, lakini virusi vya aina ya 2 vilivyokuwa vimeshatoroka viliendelea kutembea, na vikawakuta watoto waliozaliwa baada ya hapo hawana kinga yake ila ile ya sindano.

Kenya tumeviona mara kadhaa. Mwaka 2012 vilipoozesha watoto Dadaab. Mwaka 2018 vilipatikana katika majitaka ya Eastleigh, Nairobi. Mwaka 2023 vilirudi Garissa. Kisha Septemba 2024 Wizara ya Afya ikatangaza mlipuko mwingine wa aina ya 2: watoto katika kambi ya Kakuma, Turkana, na sampuli ya majitaka kutoka Kamukunji, Nairobi. Duru ya kwanza ya kampeni, Oktoba 2 hadi 6, ililenga watoto milioni 3.8 hivi walio chini ya miaka 5 katika kaunti 9. Trans Nzoia, Bungoma na West Pokot zilikuwemo. Uasin Gishu haikuwemo.

Sasa fikiria barabara. Basi la kutoka Kakuma hupita Lodwar, hufika Kitale, na kutoka Kitale hadi hapa ni kilomita 70 hivi. Jiji letu lina wanafunzi na familia kutoka Sudan Kusini, madereva wa malori ya kwenda Malaba, wafanyabiashara wa kila upande. Simnyoshei mgeni kidole. Virusi husafiri na mtoto yeyote, awe wa mwenyeji au wa mgeni. Ninachosema ni kwamba mpaka wa kaunti si ukuta, na mzazi wa Langas au Huruma asingoje jina la kaunti yake litajwe redioni ndipo akafungue kijitabu.

Tangu Machi 2021 milipuko ya aina ya 2 huzimwa kwa matone mapya, yaliyotengenezwa ili virusi vyake visibadilike kwa urahisi. Ni bora kuliko ya zamani, lakini hayajafuta hatari yote: Machi 2023 ilitangazwa kwamba watoto 6 mashariki mwa Kongo na 1 Burundi walikuwa wamepoozeshwa na virusi vilivyotokana na matone hayohayo mapya. Mtu akikuambia matone mapya hayawezi kabisa kuleta shida, mwambie kwa upole kuhusu watoto hao 7.

Safu ya wiki 14

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo familia nyingi huponyokwa bila kujua.

Ratiba ya kawaida ya polio nchini Kenya ni hii:

- Kuzaliwa, au ndani ya wiki 2: matone
- Wiki ya 6: matone
- Wiki ya 10: matone
- Wiki ya 14: matone na sindano

Matone ya kawaida ya siku hizi yana aina ya 1 na ya 3 tu. Sindano ndiyo yenye aina zote tatu. Maana yake, mtoto aliyepewa matone yote akakosa sindano ya wiki 14 hana kinga yoyote ya aina ya 2 kutoka kwenye ratiba ya kawaida, nayo ndiyo aina iliyoonekana Kakuma na Kamukunji. Mama anaweza kuapa, na kwa haki, kwamba mtoto "alikamilisha polio", na bado mtoto akawa wazi upande huo mmoja.

Bibi mmoja wa Langas alinionyesha kijitabu cha mjukuu wake. Mama mtoto yuko kazini Ghuba. Jalada lilikuwa limefunikwa kwa karatasi ya kalenda, safi. Ndani, tarehe nne za matone zimeandikwa kwa kalamu ya buluu, zimenyooka kama mistari ya mahindi. Kwenye kisanduku cha sindano hapakuwa na tarehe. Palikuwa na neno moja la penseli, limeanza kufutika: "rudi". Siku hiyo sindano zilikuwa zimeisha. Mtoto sasa alikuwa na miaka miwili na miezi mitatu, na hakuna aliyemrudisha, kwa sababu kila aliyefungua ukurasa ule aliona kalamu ya buluu na kutosheka.

Jinsi ya kukagua kijitabu, usiku huuhuu

1. Toa Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto, kaa penye mwanga, fungua ukurasa wa chanjo.
2. Anzia chini, wiki ya 14. Tafuta kisanduku cha polio ya sindano. Ni tofauti na cha matone.
3. Tafuta tarehe kamili ya siku aliyochanjwa. Alama ya vema, penseli, au tarehe ya "kurudi" si ushahidi wa chanjo.
4. Panda juu, hesabu matone. Kati ya dozi na dozi, kuanzia ile ya wiki 6, ziwe zimepita angalau wiki 4.
5. Kuna pengo? Andika kwenye karatasi ni dozi gani, uende nayo kliniki. Watu husahau jina la chanjo wakifika dirishani.
6. Usikubali kuambiwa kwamba mtoto amechelewa kwa hiyo basi, wala kwamba aanze upya. Dozi alizopata zinahesabiwa. Anaendelea pale alipoachia.
7. Uliza kuhusu dozi ya pili ya sindano. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto apate angalau 2, ya pili ikiwa miezi 4 au zaidi baada ya ya kwanza.

> Kijitabu kimepotea?
> Nenda kituo alikochanjwa, na tarehe ya kuzaliwa. Wana daftari kubwa la kudumu la chanjo. Omba litafutwe, ukubali kungoja. Lisipoonyesha kitu, mtoto achanjwe tena. Dozi ya ziada ya polio haimdhuru. Pengo ndilo linalodhuru.

Chanjo hizi ni bure katika vituo vya serikali. Kuna nyakati hukosekana, kama katikati ya mwaka 2025 matone na chanjo ya kifua kikuu (BCG) vilipoadimika nchini. Ukikuta zimeisha, usiridhike na "rudi wiki ijayo". Uliza: siku gani hasa, na kituo gani kingine kinazo leo? Acha nambari yako ya simu kwa muuguzi. Mwarifu pia mhamasishaji wa afya wa kijiji au mtaa wako. Mara nyingi yeye ndiye anayejua chupa ziliko.

Wanapobisha hodi: kampeni ya nyumba kwa nyumba

Kampeni ikitangazwa, watoto wote walio chini ya miaka 5 hupewa matone, hata waliokamilisha ratiba. Hii huwaudhi wazazi waangalifu zaidi. "Wangu kamaliza, wanataka nini tena?" Sababu ni ile tuliyokwisha kuona: ratiba ya kawaida haina matone ya aina ya 2, na sindano inamkinga mtoto wako asipooze lakini haimzuii vizuri kubeba virusi tumboni na kuvipeleka kwa wengine. Matone ya kampeni ndiyo yanayofunga mlango huo.

Mwaka 2015 maaskofu Wakatoliki wa Kenya waliwataka waumini wajiepushe na kampeni ya polio hadi chanjo ipimwe. Mtu anaweza kubishana na uamuzi ule, nami nabishana nao, lakini kudai kuelezwa kunachoingia kinywani mwa mtoto ni haki ya mzazi. Itumie haki hiyo mlangoni, kwa adabu, hivi:

> Tazama mambo haya
> - Wana kitambulisho na kisanduku cha baridi chenye vipande vya barafu, kilichofungwa.
> - Chupa ina stika ndogo: duara lenye mraba ndani. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo iko sawa. Ukifanana na duara au kuwa mweusi zaidi, imeharibiwa na joto. Waombe chupa nyingine.
> - Matone ni mawili, kwa mdomo. Mtoto akitema au kutapika papo hapo, apewe tena.
> - Ukucha wa kidole kidogo cha mkono wa kushoto hupakwa wino. Usiufute, ndio utakaowaonyesha wasimamizi kwamba amepata.
> - Alama ya chaki wanayoandika mlangoni ni hesabu ya watoto na tarehe. Haina siri. Iache mpaka kampeni iishe.

Mtoto aliyelala aamshwe. Aliye shuleni, sokoni na dada au kwa shangazi Kapseret, mtaje. Usiseme "hayupo" halafu ukafunga mlango. Watoto wa "hayupo" ndio shamba lenyewe.

Na homa ndogo, mafua au kuharisha? Apewe. Akiwa anaharisha sana siku ya kliniki ya kawaida, apewe na umwambie muuguzi, maana dozi hiyo inaweza kuhitaji kurudiwa. Kunyonya hakuzuii matone.

Nani asipewe matone kabla ya kuzungumza na daktari

Orodha ni fupi. Ni mtoto ambaye daktari amesema alizaliwa na upungufu mkubwa wa kinga ya mwili, au anayepata matibabu ya saratani au dawa nyingine za kuzima kinga. Katika mwili wa namna hiyo virusi hai vinaweza kukaa muda mrefu mno, kwa wengine miaka. Huyu hupewa sindano. Kama mtoto wako anahudhuria kliniki ya saratani pale Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, uliza huko huko, na uliza pia kuhusu ndugu zake wanaolala naye nyumba moja.

Hofu kuhusu VVU huwatesa wengi kimya kimya. Mtoto mwenye VVU asiye na dalili za ugonjwa, au aliyezaliwa na mama mwenye VVU, hupewa chanjo ya polio kama wenzake; aliye na dalili, daktari aulizwe kwanza kuhusu matone. Mwambie muuguzi hali yake kwa sababu ya chanjo nyingine kama BCG, lakini usimfiche nyumbani kwa ajili ya matone.

Wiki chache baada ya matone

Virusi vya chanjo vitatoka kwa choo cha mtoto kwa wiki kadhaa. Hili si la kutisha. Ndivyo chanjo inavyofanya kazi. Ila nyumbani:

- Nawa mikono kwa sabuni kila unapobadilisha daipa au kumsafisha mtoto, na kabla ya kushika chakula. Anayemsafisha akiwa dada wa kazi, mwambie sababu, si amri tu.
- Kinyesi kitupwe chooni. Daipa zifungwe na kutupwa kwenye taka zinazochukuliwa. Zile zinazotupwa kando ya mto Sosiani zinarudi kwetu kwa njia ya maji na mboga za bondeni.
- Nyumbani kukiwa na mtu anayepata tiba ya saratani, mwingine ndiye ambadilishe mtoto daipa kwa wiki hizo.

Mguu ukilegea ghafla

Dalili inayotafutwa ni moja: mtoto wa chini ya miaka 15 aliyekuwa mzima, na mkono au mguu wake ukawa dhaifu na teketeke ndani ya siku chache. Si kukakamaa. Ukiuinua unaanguka kama kitambaa kilicholowa. Mara nyingi hutanguliwa na homa, maumivu ya mwili, shingo kukaza, kutapika. Mara nyingi ni upande mmoja zaidi ya mwingine, na mtoto bado anahisi ukimgusa.

Si kila mguu uliolegea ni polio. Kuna maradhi mengine, na kuna mshipa uliojeruhiwa na sindano ya tako. Kupambanua si kazi yako. Kazi yako ni kufika mapema. Sampuli za choo zinafaa zaidi zikichukuliwa ndani ya siku 14 tangu mguu ulipoanza kulegea. Baada ya hapo virusi hupungua na ukweli unaweza kupotea. Hata ile ajali ya nadra ya chanjo hujulikana kwa njia hii tu. Anayetaka kujua kama matone ndiyo yaliyomdhuru mwanawe, jibu liko kwenye kopo la choo.

Hatua kwa hatua

1. Andika tarehe. Siku ya homa ya kwanza, siku ya kulegea, na siku ya chanjo ya mwisho. Ajali ya matone kwa aliyechanjwa kwa kawaida hutokea kati ya siku ya 4 na ya 30 baada ya dozi, kwa hiyo tarehe hii ina uzito.
2. Mpumzishe. Asilazimishwe kutembea "mguu ufunguke".
3. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, na kijitabu. Mtoto akipumua kwa shida, akishindwa kumeza au sauti ikibadilika, usipitie popote: moja kwa moja hospitali kubwa.
4. Sema maneno haya wazi: "Mtoto alikuwa akitembea. Amelegea ghafla. Naomba aripotiwe." Maneno "amelegea ghafla" humlazimu mhudumu kumwarifu afisa wa ufuatiliaji wa magonjwa wa kaunti ndogo, awe ni wa Turbo, Soy, Moiben, Ainabkoi, Kesses au Kapseret.
5. Sampuli mbili za choo, zikipishana kwa saa 24 au zaidi, kila moja kiasi cha kidole gumba cha mtu mzima. Utapewa kopo. Ukiambiwa moja inatosha, uliza ya pili itachukuliwa lini.
6. Baridi. Sampuli hukaa kwenye kisanduku cha barafu hadi maabara ya KEMRI, Nairobi. Usiibebe kwenye mfuko wa plastiki kwa boda boda juani. Kuisafirisha ni kazi ya afisa, na familia hailipi.
7. Taja safari na wageni wa wiki tano zilizopita: Kakuma, Lodwar, Nairobi, Uganda, popote. Hakuna atakayekamatwa kwa kutaja.

Makosa niliyoyaona yakirudiwa

La kwanza, na baya kuliko yote, ni kumkimbiza mtoto kwa kemisti akapigwe sindano ya homa takoni. Mtoto akiwa na virusi vya polio mwilini, sindano ya msuli inaweza kuchochea kupooza kwa kiungo kilichodungwa. Na hata bila polio, sindano iliyokosea inaweza kujeruhi mshipa mkubwa wa mguu. Homa ya mtoto ipimwe kwanza. Dawa ya kunywa ikitosha, mpe ya kunywa.

La pili ni kumkanda na kumnyoosha kwa mafuta ya moto wiki mbili, mkingoja. Wazee wetu wana mikono mizuri kwa mteguko, lakini hapa wiki hizo mbili ndizo zilizokuwa za kopo.

La tatu ni aibu. Familia hufikiri wameletewa laana, au watalaumiwa kwa kukosa kliniki, wanamfungia mtoto ndani. Muuguzi akikugombeza kwa chanjo uliyokosa, vumilia dakika hiyo, lakini usiondoke kabla fomu haijajazwa.

Na la nne hutoka upande wa pili: mzazi ambaye mtoto wake amedhurika, au anayeshuku hivyo, anaamua wadogo zake wasichanjwe tena kabisa. Namwelewa. Lakini kuna sindano isiyo na virusi hai. Aiombe hiyo kwa wadogo wakati jibu la maabara linangojewa. Ndani ya nyumba hiyo kuna uwezekano virusi vinazunguka, na kuwaacha bila kinga yoyote ni kuwaweka njiani.

Baada ya kopo kuondoka

Hakuna dawa inayoua virusi vya polio. Lakini kuna mengi yanayookoa kiungo. Mazoezi ya viungo yaanze mara tu maumivu yanapotulia, daktari akiruhusu, ili misuli isikaze na mguu usipinde. Omba rufaa kwa mtaalamu wa mazoezi na, mtoto akikua, kwa watengenezaji wa vyuma na viatu vya kumwezesha kusimama. Ulemavu ukidumu, msajili kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Usajili huo hufungua milango ya vifaa na masomo.

Takriban siku ya 60 tangu alipolegea, mtoto anapaswa kupimwa tena kuona kama udhaifu umebaki. Usingoje kuitwa, tia alama kwenye kalenda, umpeleke. Siku hiyo uliza majibu ya maabara kwa maneno kamili: je, kulikuwa na virusi vya polio? Aina ya ngapi? Ni vya asili, vya chanjo vyenyewe, au vya chanjo vilivyobadilika na kusambaa? Ni maswali matatu tofauti yenye majibu matatu tofauti, na una haki ya kila moja.

Kisa cha mtoto kikiripotiwa hupewa nambari yake. Mwombe afisa akuandikie kwa kalamu, si penseli, ndani ya jalada la kijitabu. Kila utakapopiga simu kuulizia, hiyo ndiyo watakayoitaka kwanza.